UZI: Wamohawk, walinzi wa mlango wa mashariki. Historia, mila na watu wao mashuhuri (vijana, huu ni wenu)

#1 Mzee wa Maktaba

Habari za muda huu, wakuu.

Ingia saluni yoyote ya kiume mtaani utakuta bango la mitindo ukutani, na kiduku hakikosekani: pembeni kweupe, katikati umebaki mstari wa nywele. Wazungu mtindo huo wanauita kwa jina la kabila moja la Amerika Kaskazini, Mohawk. Vijana wananyoa kila siku, lakini ukiwauliza hao Mohawk ni akina nani, wengi wanadhani walishakwisha zamani. Wapo. Wana shule zao, redio zao, timu zao za michezo, na ugomvi wa muda mrefu na serikali mbili, ya Marekani na ya Kanada. Na kiduku chenyewe si chao sawasawa. Shujaa wa Kimohawk alikuwa anang'oa nywele, hanyoi, akibakiza kishungi utosini tu. Ule mstari wa kutoka kipaji hadi kisogo unafanana zaidi na mtindo wa Wapawnee, watu wa nyika za mbali huko magharibi.

Uzi huu nimeuandika ili hata mdogo wako wa kidato cha kwanza ausome bila kukwama. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: vitabu vingi vinawachora Wamohawk kama wanaume wenye shoka. Mimi kadiri ninavyowasoma naona waliobeba kabila ni wanawake. Anayebisha asubiri hadi mwisho ndipo anipige mawe.

Twende.

Wenyewe wanajiita Kanien'kehá:ka, watu wa nchi ya gumegume, lile jiwe la kuwashia moto. Kwao ni bonde la mto ambao leo unaitwa Mohawk, katika jimbo la New York. Ni taifa mojawapo la umoja unaoitwa Haudenosaunee, watu wa nyumba ndefu. Mwanzoni yalikuwa mataifa matano: Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga na Seneca. Wa sita, Tuscarora, waliingia 1722. Umoja wote waliuchukulia kama nyumba moja iliyolala kutoka mashariki hadi magharibi. Seneca walilinda mlango wa magharibi, Onondaga walitunza moto wa katikati, na Mohawk wakapewa mlango wa mashariki.

Umoja huo ulizaliwa kabla Wazungu hawajatia mguu. Simulizi yao inasema mataifa haya yalikuwa yakiuana kwa visasi visivyokwisha, akatokea mtu ambaye hadi leo hawalitaji jina lake ovyo kwa heshima, wanamwita Mleta Amani. Akampata Hiawatha, mtu aliyefiwa na mabinti zake na kuchanganyikiwa kwa huzuni, wakazunguka pamoja kuhubiri Sheria Kuu ya Amani. Wamohawk ndio taifa la kwanza kuikubali. Silaha zikazikwa chini ya msonobari mweupe. Lakini mtu wa kwanza kabisa kuupokea ujumbe ule alikuwa mwanamke, Jigonsaseh, aliyekuwa akiwapikia wapiganaji wa pande zote waliopita kwake. Kwa sababu hiyo wanawake wakakabidhiwa mamlaka ya kuchagua machifu.

Na hayakuwa mamlaka ya jina tu. Wamohawk wana koo tatu: Dubu, Mbwamwitu na Kobe. Unazaliwa katika ukoo wa mama yako, basi. Kila ukoo una mama wa ukoo. Baraza Kuu lina viti 50, vya Mohawk ni 9, na kila kiti mteuzi wake ni mama wa ukoo akishauriana na wenzake. Chifu anavikwa kofia yenye pembe za ayala. Akianza kujisahau, mama anamwonya mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Asiposikia anavuliwa pembe, na tangu hapo ni mtu wa kawaida kama wewe na mimi.

Nyumba ndefu ilijengwa kwa miti iliyopindwa, ikavishwa magome. Upana wake kama mita 6, urefu mita 30 na kuendelea. Ndani kuna njia moja ya katikati yenye mstari wa mioto, na kila moto unatumiwa na familia mbili, mmoja kulia, mwingine kushoto. Moshi unatokea kwenye matundu ya paa. Mume ndiye anayehamia kwa mke. Shamba la mahindi, maharage na maboga, mazao matatu wanayoyaita dada watatu, lilikuwa mikononi mwa wanawake, na ghala pia. Wanaume wakitaka vita ambavyo akina mama hawavitaki, hawapewi unga wa safari wala viatu vya ngozi. Sasa nenda kapigane na njaa yako.

Naendelea, msichangie kwanza... haya changieni tu, najua hamtanisikia.

#2 Kiduku Original

Mkuu umenishika pabaya, mimi mwenyewe nimenyoa juzi 😂 Hawa ndio wale Wahindi Wekundu wa sinema za kauboi?

#3 Mzee wa Maktaba

Ni hao na sio hao, kijana. Hilo la "Wahindi Wekundu" tuliache, walipewa na mabaharia waliopotea njia. Wale wa sinemani, wenye kofia ndefu za manyoya na mahema ya ngozi juu ya farasi, ni sura ya watu wa nyika. Mmohawk ni mtu wa msituni na mtoni, mkulima, mwenye nyumba ya kudumu.

Ila sinema walicheza. Yule Tonto, mwenza wa mpanda farasi mwenye kinyago katika kipindi cha televisheni cha Marekani kilichoanza 1949, aliigizwa na Jay Silverheels, Mmohawk aliyezaliwa 1912 kwenye hifadhi ya Six Nations (hifadhi hapa ni eneo lililotengewa wenyeji asilia), Ontario, Kanada. Kabla ya uigizaji alikuwa mchezaji hodari wa lakrosi. Alipewa maneno ya kuvunjavunja kama ya mtu asiyejua Kiingereza, na hakuyapenda. Miaka ya 1960 akasaidia kuanzisha warsha ya kufundisha uigizaji wenyeji asilia huko Los Angeles, na 1979 akapata nyota yake kwenye njia ya mashuhuri ya Hollywood.

#4 Binti Uluguru

Siti ya mbele nimeshachukua. Mzee wangu, hayo ya ukoo wa mama kwetu Uluguru hayatushangazi hata kidogo, mtoto ni wa ukoo wa mama na mjomba ndiye mwenye neno. Ninachotaka kujua ni hiki: watu waliojipanga hivi walipotezaje ardhi?

#5 Mzee wa Maktaba

Swali zuri, dada yangu, na jibu lake ni refu. Nalifupisha.

1609 Mfaransa Champlain alijiunga na maadui wa Mohawk, wakakutana nao ufukweni mwa ziwa ambalo leo lina jina lake. Akafyatua bunduki, machifu wakaanguka. Ndiyo ilikuwa salamu. Wadachi walipojenga ngome mahali palipo Albany leo, 1624, Wamohawk wakawa wafanyabiashara wao wakuu: ngozi za biva, mnyama wa mtoni mwenye manyoya mazito, zinaenda Ulaya kutengeneza kofia, bunduki na vyungu vya shaba vinakuja huku. Biva wakaisha, vita vya kugombea mawindo vikazidi, na katika hilo Wamohawk hawakuwa malaika, walivunja mataifa mengine. Kisha ndui ya 1634 ikafagia vijiji. 1666 jeshi la Ufaransa likachoma vijiji vyao na akiba ya mahindi ya msimu mzima.

Pigo kubwa lilikuja na vita vya uhuru wa Marekani. Hapa ingieni kwa Joseph Brant, jina lake Thayendanegea, aliyezaliwa 1743. Alisoma shule ya wamisionari huko Connecticut, alijua Kiingereza, alisafiri London, akaonana na Mfalme George wa Tatu. Aliona walowezi wakishinda ardhi imekwenda, akapigana upande wa Uingereza. Dada yake Molly Brant, mke wa wakala mkuu wa Uingereza Sir William Johnson kwa desturi za Kimohawk, alikuwa na sauti kuliko yeye mbele ya machifu. Maofisa wa Kiingereza wenyewe waliandika kwamba neno lake lilikuwa na uzito kuliko la mzungu yeyote.

Umoja wa kale ukapasuka: Oneida na Tuscarora wengi wakaenda na Wamarekani. 1779 George Washington akatuma jeshi, likachoma vijiji takribani 40 vya Haudenosaunee pamoja na mashamba na bustani za matunda. Halafu 1783 Uingereza ikasaini mkataba wa amani ambao haukuwataja hata kwa mstari mmoja. Brant akadai fidia, na 1784 wakapewa ardhi Kanada, maili sita kila upande wa Mto Grand. Zilikuwa kama hekta 385,000. Leo hifadhi ya Six Nations imebakiwa na chini ya asilimia 5 yake. Ilikatwa, ikauzwa, ikavamiwa, ikapotelea kwenye makaratasi, na kesi haijaisha.

#6 Mbishi Halisi

Huyo Brant ni msaliti tu, amekula kwa mkoloni. Tusipambe.

#7 Mzee wa Maktaba

Mkuu, amsaliti nani? Walowezi ndio waliokuwa wakiingia bondeni kwao. Kwa Wamarekani alikuwa dubwana, kwa Waingereza mji wa Brantford umepewa jina lake, na hata ndugu zake walimlaumu kwa kuuza vipande vya ardhi ya Mto Grand. Kama unataka doa ninalo la kukupa: alimiliki watumwa Waafrika. Hilo vitabu vya watoto huwa vinaliruka, mimi siliruki.

#8 Mwalimu wa Dini

Naomba kuchangia kidogo. Wakatoliki mnaosoma, Mtakatifu Kateri Tekakwitha ni wa huku huku.

#9 Mzee wa Maktaba

Umenisaidia, mwalimu. Alizaliwa 1656, baba Mmohawk, mama Mkatoliki wa kabila la Algonquin. Ndui ikaua wazazi wake na mdogo wake, yeye ikamwachia makovu usoni na macho yasiyopenda mwanga. Alibatizwa 1676, akakataa kuolewa, mwaka uliofuata akakimbilia kijiji cha misheni cha Kahnawake karibu na Montreal. Alifariki 17 Aprili 1680 akiwa na miaka 24. Mapadre waliokuwepo waliandika kwamba makovu yalifutika usoni muda mfupi baada ya kukata roho. Papa Benedikto wa Kumi na Sita alimtangaza mtakatifu 21 Oktoba 2012.

Wapo Wamohawk wanaojivunia sana jambo hilo, na wapo wa dini ya nyumba ndefu wanaoliona kama kurasa za ukoloni. Sitawaamulia.

Sasa sehemu niliyokuwa naisubiri: VYUMA.

Mwaka 1886 kampuni ya reli ya Kanada ilitaka daraja juu ya mto St. Lawrence, na nguzo za upande mmoja zinaangukia ardhi ya Kahnawake. Makubaliano yakawa wenyeji wapewe vibarua. Wakapewa kazi za chini, kubeba mawe. Lakini vijana hawakukaa chini, wakawa wanapanda kutembea juu ya vyuma kuangalia mafundi wanafanya nini. Mwishowe mabosi wakaona heri wawafundishe.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kupiga ribiti, yaani pini nene za kuunganisha vyuma, na ilifanywa na watu wanne. Wa kwanza ana jiko dogo la makaa juu ya ubao, anachoma ribiti mpaka inakuwa nyekundu. Anaikamata kwa koleo na KUIRUSHA hewani. Wa pili anaidaka kwa kopo, anaichomeka kwenye tundu ambapo vyuma viwili vinakutana. Wa tatu anaegemeza chuma kizito upande wenye kichwa ili isirudi nyuma. Wa nne upande wa pili anaigonga kwa nyundo ya upepo mpaka mkia wake unakuwa kichwa kingine. Yote haya kwenye ubao mwembamba, chini kuna mto. Ukishapata watatu unaowaamini huwaachi, ndiyo maana makundi yalikuwa ya kaka, binamu na mashemeji.

Tarehe 29 Agosti 1907, jioni wakikaribia kutoka kazini, daraja la Quebec lilianguka. Wahandisi walikuwa wamekadiria uzito wa chuma chini ya uhalisia, mihimili ilishaanza kupinda siku kadhaa kabla, na agizo la kusimamisha kazi halikufika kwa wakati. Walikufa watu 75. Kati yao 33 walitoka Kahnawake, kijiji kimoja. Fikirini misiba 33 katika kijiji ambacho kila mtu ni ndugu wa mwenzake. Makaburini waliwekewa misalaba ya mihimili ya chuma.

Ungedhani wanawake wangesema basi, hakuna tena chuma. Walichosema ni kwamba wanaume wasiende tena wote kwenye daraja moja. Mtawanyike. Na wakatawanyika: Boston, Detroit, na zaidi New York. Empire State, daraja la George Washington, minara ya World Trade Center, kote huko mikono ya Wamohawk ipo. Brooklyn kulikuwa na mtaa mzima wa Wakahnawake, maduka yanauza unga wa mahindi wa kupikia mkate wao, na wikendi madereva wanakanyaga kama kilomita 600 kwenda nyumbani. Minara ilipoanguka 2001, mafundi wa Kimohawk walikuwa miongoni mwa waliokwenda kukata vyuma na kutafuta watu kwenye kifusi.

#10 Fundi Vyuma Mbagala

Mzee hii imenigusa, mimi nipo kwenye vyuma huu mwaka wa ngapi. Nilishasikia kwamba hawa watu damu yao haina hofu ya kimo. Kuna ukweli?

#11 Mzee wa Maktaba

Fundi, hiyo ni hadithi ya wazungu. Mafundi wenyewe wameulizwa mara nyingi, na jibu lao ni kwamba wanaogopa kama wewe, ila wamejifunza kuishi na hofu. Baba anamfundisha mwana, mjomba anamwangalia. Damu haina shahada ya uchomeleaji. Na waliokufa 1907 ni jibu tosha.

#12 Binti Uluguru

Nakumbusha tu, ulituahidi wanawake.

#13 Mzee wa Maktaba

Sijasahau, dada. Nilitaka kwanza mjue jinsi mamlaka yao yalivyonyang'anywa.

Kanada ilitunga sheria ya wenyeji kwa mawazo ya Ulaya, kwamba mtoto ni wa baba. Tangu 1869 mwanamke mwenyeji akiolewa na mtu wa nje alifutwa kwenye orodha ya serikali ya wenyeji: hana haki ya kuishi hifadhini, kurithi nyumba, wala kuzikwa na wazazi wake. Mwanamume akioa mzungu, yule mzungu anaandikwa mwenyeji! Kwa watu wanaohesabu ukoo kwa mama, hebu pimeni tusi hilo. Na 1924 serikali ikaleta polisi Six Nations, ikaondoa baraza la machifu wa jadi, ikaleta uchaguzi ambao mwanzoni wanawake hawakuruhusiwa hata kupiga kura.

Watoto nao walipelekwa bweni. Shule ya Mohawk Institute pale Brantford ilichukua watoto wa bweni tangu 1831 na kufungwa 1970. Wanafunzi waliiita Shimo la Uji, kwa sababu uji wa shayiri ndio ulikuwa asubuhi na ndio ulikuwa jioni. Waliadhibiwa kwa kusema lugha ya kwao. Huko huko alipita Oronhyatekha, aliyezaliwa 1841, ambaye baadaye alisoma Oxford, akawa mmoja wa madaktari wa kwanza wenyeji asilia nchini Kanada na kuongoza shirika kubwa la bima. Watu hutumia mfano wake kuitetea shule ile. Mimi naona aliishinda.

Sasa Mary Two-Axe Earley. Alizaliwa Kahnawake 1911, akaenda Brooklyn kijana, akaolewa na Mmarekani mwenye asili ya Ireland. Akafutwa. 1966 rafiki yake aliyefutwa kama yeye, na kuamriwa kuondoka hifadhini, alikufa kwa moyo mikononi mwake. Tangu siku hiyo Mary hakunyamaza: barua, tume, mawaziri. Alipokuwa mjane akarudi Kahnawake kwenye nyumba ya bibi yake, na ilibidi aiandikishe kwa binti yake aliyeolewa na Mmohawk ili apate pa kulala. 1975 alikuwa Mexico kwenye mkutano wa dunia wa wanawake, simu ikaingia kwamba baraza la hifadhi limewapa yeye na wenzake notisi ya kuhama. Akapanda jukwaani akaisema mbele ya wajumbe wa dunia nzima. Notisi zikaondolewa. Sheria ilibadilishwa 1985, na yeye ndiye wa kwanza kurudishiwa haki zake, akiwa na miaka 73. Alifariki 1996, akazikwa Kahnawake.

Waliompinga wengi walikuwa wanaume wa kwao, tena kwa hofu ya kweli, kwamba ardhi kidogo iliyobaki itajaa wakwe. Hofu yao naielewa. Siikubali.

#14 Kiduku Original

Mzee, hawa wote wazee. Hakuna wa rika letu?

#15 Mzee wa Maktaba

Yupo, na alikuwa na miaka 14 tu.

1990, mji wa Oka, Quebec, uliamua kupanua uwanja wa gofu kwa mashimo 9 zaidi, juu ya misonobari na makaburi ya Wamohawk wa Kanesatake. Watu wakaziba njia. Tarehe 11 Julai polisi wakashambulia kizuizi, askari mmoja akafa kwa risasi, Kahnawake nao wakafunga daraja kubwa la kuingilia Montreal. Jeshi likaitwa. Siku 78. Siku ya mwisho, watu wakitoka, Waneek Horn-Miller alikuwa amembeba mdogo wake wa miaka 4, singe ya mwanajeshi ikamchoma kifuani karibu na moyo. Alipona. Miaka kumi baadaye, Sydney 2000, alikuwa nahodha mwenza wa timu ya Kanada ya polo ya majini. Uwanja wa gofu haukupanuliwa, ingawa hati ya ardhi bado wanaidai.

Mwingine ni Alwyn Morris wa Kahnawake. Los Angeles 1984, kayaki ya watu wawili mita 1,000, dhahabu. Jukwaani aliinua unyoya wa tai kwa ajili ya babu yake.

Na lugha yao, ambayo haina sauti za kubana midomo, hakuna m, p wala b, inafundishwa upya. Akwesasne, eneo linalokatwa na mpaka wa Marekani na Kanada, wazazi walianzisha shule yao 1979, na masomo ni kwa Kimohawk. Asubuhi wanaanza kwa kushukuru watu, ardhi, maji, samaki, mimea, hadi nyota. Ni ndefu, kuna watoto wanaoisema yote kwa kichwa.

#16 Mbishi Halisi

Kwenye wanawake nimekubali, nisiwe mnafiki. Hiyo lakrosi ni mchezo gani, na wanachezea nchi ipi, Marekani au Kanada?

#17 Mzee wa Maktaba

Ni mchezo wa fimbo zenye wavu na mpira mdogo mgumu, waasisi wake ni wao na jirani zao, na waliucheza kama ibada ya uponyaji. Hawachezei Marekani wala Kanada. Wana timu ya Haudenosaunee, bendera ya zambarau, na pasipoti zao wenyewe. 2010 walishindwa kwenda mashindano ya dunia Manchester kwa sababu Uingereza ilizikataa pasipoti hizo. Waliambiwa watumie za Marekani au Kanada, wakaona bora wakose mashindano.

Sasa lakrosi inarudi Olimpiki, Los Angeles 2028, na kanuni ni kwamba timu lazima iwe chini ya kamati ya Olimpiki ya nchi inayotambuliwa. Wao hawana. Wanaendelea kuomba waingie kwa jina lao. Kukiwa na jipya nitalileta hapa hapa.